SOMO: CHEMCHEMI YA CHINI YA MLIMA PILOT



Somo letu la mara hii linahusu maji. Si maji ya ziwa wala ya mto, ambayo wengi wetu tunayaona kila siku mpaka tunasahau bei yake. Tunataka kuwapeleka Marekani, katika sehemu za magharibi za nchi ile, mahali palipo na chemchemi moja ndogo chini ya mlima mrefu. Mbele ya chemchemi hiyo, upande wa mashariki, kuna jangwa la chumvi. Mwaka 1846 familia nyingi zilivuka chumvi ile pamoja na watoto na wanyama wao, zikitafuta maji hayo. Namna walivyofika, na nani aliyewaonyesha njia, ndiyo habari tunayotaka kuichunguza pamoja. Jambo la kumfuata kiongozi njiani si la Wamarekani peke yao.

Tunawaomba msome polepole. Anayewasomea wengine kwa sauti asiogope majina ya kigeni. Si mengi, na mwisho wa somo yatakuwa yamezoeleka.

MAHALI PENYEWE

Mlima Pilot una urefu wa meta 3,266. Kilele chake kiko katika jimbo la Nevada, karibu kabisa na mpaka wa jimbo la Utah, na chemchemi yenyewe iko upande wa Utah, kwenye miguu ya mlima inapokutana na uwanda. Ukisimama hapo na kutazama mashariki unaona nchi nyeupe, tambarare kama meza, isiyo na mti wala jani. Hilo ndilo Jangwa la Ziwa Kuu la Chumvi.

Zaidi ya miaka 15,000 iliyopita nchi ile ilikuwa chini ya maji. Wataalamu wanaliita ziwa lile la zamani Bonneville. Lilikuwa na kina cha zaidi ya meta 300 mahali pengine, na ukitembea kwenye milima ya pale leo bado unaona alama za fukwe zake juu sana, kama ngazi zilizochorwa ubavuni. Kisha hali ya hewa ikabadilika, maji yakapungua, na kwa kuwa hayakuwa na mto wa kuyapeleka baharini, chumvi yote ikabaki chini. Ziwa Kuu la Chumvi linaloonekana sasa ni mabaki tu ya ziwa lile. Sehemu nyingine imekuwa jangwa.

Msidhani kwamba chumvi ile ni ngumu kama saruji. Mahali pengine ndiyo, ni ngumu. Lakini mahali pengi ni ganda jembamba, na chini yake kuna tope zito. Mtu mmoja kwa miguu anapita. Mnyama mwenye mzigo anapita kwa shida. Gari la ng'ombe lililojaa magunia ya unga, vitanda na watoto linavunja ganda, na magurudumu yanazama.

Sasa swali: namna gani maji matamu yanatoka kando ya nchi iliyojaa chumvi? Jibu liko juu, kwenye mlima. Wakati wa baridi theluji inaanguka kwenye kilele. Inapoyeyuka, maji yanaingia katika nyufa za mawe na katika kokoto nyingi zilizokusanyika chini ya mlima. Yanasafiri ndani, gizani, mpaka yanapokutana na udongo mzito wa uwanda, ambao hauyapitishi. Hapo hayana njia nyingine isipokuwa kutoka nje. Kwa hiyo chemchemi inatokea pale pale jangwa linapoishia, hatua chache tu kabla maji hayajaingia katika chumvi na kuharibika. Ndiyo sababu majani mabichi yanaonekana mahali pamoja na chumvi nyeupe, na msafiri aliyetoka jangwani aliyaona akadhani ni ndoto.

WENYE MAJI WA KWANZA

Vitabu vingi husema kwamba chemchemi hii "iligunduliwa" na wazungu wa karne ya 19. Sisi tunaoishi katika nchi ambayo mito na maziwa yake pia yaliandikwa kuwa yamegunduliwa na wageni, tunajua kusoma neno hilo kwa uangalifu. Wenyeji wa jangwa lile ni watu wa Goshute, ndugu wa Washoshone. Walijua kila tone la maji ya nchi yao, kwa sababu asiyejua alikufa. Si mbali na hapo, karibu na mji wa Wendover, kuna pango linaloitwa Danger Cave. Mtaalamu Jesse Jennings alilichimba kati ya miaka ya 1949 na 1953, na ilionekana kwamba watu walilitumia tangu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kwa hiyo wageni waliokuja na magari yao walikuwa watu wa mwisho kujua, si wa kwanza.

Tutaje hapa habari fupi ya mwaka 1827, maana inatusaidia kuelewa jangwa lenyewe. Mwindaji mmoja jina lake Jedediah Smith alikuwa anarudi kutoka California na wenzake wawili, Robert Evans na Silas Gobel. Ilikuwa mwezi wa 6, jua kali. Walijizika katika mchanga kusudi miili yao ipoe kidogo. Mwisho Evans akaanguka, hakuweza tena. Wale wawili wakamwacha chini ya kivuli kidogo, si kwa kumtupa, bali kwa sababu kukaa naye bila maji kulikuwa kufa wote watatu. Hawakwenda mbali sana wakapata maji. Smith akajaza chombo kidogo, kama lita 4 hivi, akarudi nacho kwa rafiki yake. Evans akanywa yote, kisha akauliza kwa nini hakuletewa mengi zaidi.

Tunacheka, lakini ni kicheko chenye shukrani. Evans aliishi.

MOSHI WA MWAKA 1845

Mwezi wa 10 wa mwaka 1845, ofisa wa jeshi la Marekani, John C. Frémont, alifika kwenye ukingo wa mashariki wa jangwa. Aliuona mlima mbali sana upande wa pili. Wenyeji wa hapo walimwambia kwamba hawajui mtu aliyevuka moja kwa moja katikati ya uwanda ule. Frémont hakuingia na watu wake wote kwa upofu. Alimtuma Kit Carson na wenzake wachache watangulie usiku, wakaelekee mlima. Agano lao lilikuwa hili: wakipata maji na majani, wawashe moto, na moshi wake utakuwa ndiyo jibu.

Moshi ukaonekana. Wengine wakafuata, wakavuka salama, na Frémont akauita mlima ule Pilot, yaani kiongozi wa njia.

Tuangalie vizuri mambo matatu ya safari hii, kwa sababu yote yatasahauliwa mwaka unaofuata. Walikuwa wanaume wa kazi hiyo, wenye farasi na nyumbu, bila magari. Ilikuwa mwezi wa 10, joto limepungua. Na walituma watu mbele kabla ya kuwapeleka wengi. Habari ilipofika California kwamba jangwa limevukwa, watu walibeba jambo la kuvuka tu. Hayo mengine matatu yalibaki njiani.

MTU ALIYEANDIKA KABLA YA KUTEMBEA

Lansford Hastings alikuwa mwanasheria kijana. Mwaka 1845 alichapisha kitabu cha kuwaongoza wahamiaji wanaokwenda Oregon na California. Ndani yake aliweka maneno machache kwamba iko njia fupi: kuiacha barabara ya kawaida, kupita kusini ya Ziwa Kuu la Chumvi na kwenda moja kwa moja California. Alipoyaandika maneno hayo hakuwa ameipita njia hiyo hata mara moja.

Tusiwe wakali kupita haki. Hastings hakukaa nyumbani na kitabu chake. Mwanzoni mwa 1846 alitoka California akaelekea mashariki, akaivuka njia hiyo juu ya farasi, pamoja na mzee wa milima James Clyman. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, alipowaita wahamiaji wamfuate, alikuwa ameiona njia kwa macho. Lakini aliiona akiwa mwepesi, juu ya mnyama mwenye mbio, bila mtoto mgongoni. Clyman alikuwa naye katika safari ile ile, ardhi ile ile, chumvi ile ile, na akatoka na maoni mengine kabisa: kwamba magari hayatafaa kupita pale.

Watu wawili waliona jambo moja. Mmoja alitaka watu wamfuate, kwa maana alikuwa na mipango mikubwa kwa ajili ya California. Mwingine hakutaka kitu kwa mtu.

Mwisho wa mwezi wa 6, 1846, Clyman alifika Fort Laramie, akamkuta James Reed, mfanyabiashara kutoka Springfield, Illinois, anayesafiri na familia yake pamoja na familia za ndugu wawili, George na Jacob Donner. Clyman na Reed walijuana tangu zamani. Walikuwa wamepigana kikosi kimoja katika vita ya mwaka 1832. Clyman akamwambia wazi: fuateni barabara ya kawaida, hata hiyo itawatosha kwa shida. Reed akajibu kwamba iko njia ya karibu zaidi, na hakuna haja ya kuzunguka.

Hapa, wapendwa, tunasimama kidogo. Reed hakukosa onyo. Alilipata kwa mdomo wa rafiki, mtu aliyetoka kule juzi. Lakini kitabu kilikuwa kimeandikwa na kuchapishwa, na Clyman alikuwa mzee mwenye nguo za ngozi kando ya moto. Tumeona mara ngapi watu wanaamini karatasi kuliko mzee? Na tena, mtu aliyekwisha kusafiri majuma mengi amechoka, na moyo uliochoka unapenda neno "karibu".

Onyo la pili lilikuwapo pia. Mwandishi wa magazeti Edwin Bryant alitangulia na kundi la watu wa nyumbu. Alipofika Fort Bridger na kusikia habari za njia ile, aliona kwamba yeye na nyumbu wake wataweza, lakini familia zenye magari hazitaweza. Akaandika barua kwa rafiki zake walio nyuma, akaziacha pale. Reed hakuipata barua yake. Nyumba ile ya biashara ilikuwa imepoteza wateja wengi tangu wahamiaji walipopata njia nyingine ya kaskazini iliyoiacha kando. Njia ya Hastings ilipita mlangoni pake. Reed baadaye aliamini kwamba barua zilifichwa kwa sababu hiyo.

SIKU MBILI, USIKU MBILI

Kundi la Donner na Reed lilikuwa na watu 87 lilipokamilika. Walitoka Fort Bridger tarehe 31 mwezi wa 7. Hastings alikuwa amekwisha kutangulia na kundi lingine la magari zaidi ya 60. Milima ya Wasatch iliwachelewesha vibaya. Ilibidi wakate miti na kufungua barabara kwa mikono yao. Mwezi wa 8 ulikuwa karibu kwisha walipofika kwenye maji ya mwisho kabla ya jangwa.

Hapo wakakuta ubao, na juu yake mabaki ya karatasi iliyochanika, vipande vingine vimeanguka chini. Mama Tamsen Donner, mke wa George, aliyekuwa mwalimu, alipiga magoti akavikusanya, akavipanga juu ya goti lake kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Ilikuwa barua ya Hastings. Iliwaambia kwamba wana mbele yao siku mbili na usiku mbili za mwendo mgumu, kisha watapata maji.

Wakakata majani, wakajaza maji katika kila chombo walichokuwa nacho, wakaingia.

Umbali wa kweli kutoka maji hayo mpaka chemchemi ya mlima Pilot ulikuwa karibu kilometa 130. Kwa wasomaji wetu wa Kivu, hesabuni karibu barabara ya Bukavu mpaka Uvira, bila kijito kimoja katikati, kwa mwendo wa ng'ombe. Jambo hilo haliwezekani kwa siku mbili na magari yale. Wale wanaokumbuka Kutoka 15 wanajua kwamba hata wana wa Israeli, siku tatu katika jangwa la Shuri bila maji zilitosha kuwafanya wanung'unike. Na hawa walihitaji siku 5 hivi.

Usiku wa kwanza walikwenda vizuri. Siku ya pili walipanda vilima vikavu, wakadhani ng'ambo yake kuna maji. Ng'ambo yake kulikuwa na chumvi yote. Mchana joto linapanda, ganda linalainika, hewa inacheza. Bryant, aliyepita hapo mwezi wa 8 mwanzoni, ameeleza kwamba waliona kundi la watu juu ya wanyama likienda mbali, kisha wakatambua ya kuwa ni wao wenyewe: hewa ya moto ilikuwa inawarudishia sura zao kama kioo. Usiku baridi kali. Kundi likakatika, wenye magari mepesi wakatangulia, wenye magari mazito, na Reed alikuwa na lile zito kuliko yote, wakabaki nyuma.

Siku ya tatu maji ya vyombo yakakaribia kwisha. Reed akapanda farasi akatangulia kutafuta chemchemi. Aliifikia, akairudia njia. Njiani akakutana na vijana wake wanaoswaga ng'ombe waliofunguliwa magari, kusudi wapelekwe kunywa kwanza. Akawaonya wawaangalie sana. Lakini usiku ule ng'ombe wenye wazimu wa kiu wakawatoroka. Hawakuonekana tena isipokuwa wawili tu, ng'ombe dume mmoja na jike mmoja. Reed alikuwa amepoteza ng'ombe 18 kwa usiku mmoja.

Yeye alikuwa hajui. Alikaa na mke wake na watoto wanne kando ya gari, siku nzima, akingojea ng'ombe warudi. Jioni maji yalikuwa yamebaki kidogo sana. Wakaanza kutembea kwa miguu gizani, baba amembeba mtoto mdogo wa miaka 3. Virginia, binti wa miaka 13, alieleza baadaye kwamba watoto waliposhindwa kutembea, wazazi waliwalaza juu ya blanketi, wakawafunika, na mbwa watano wa familia wakalala kuwazunguka na kuwapa joto. Baadaye wakafika kwenye gari la Jacob Donner, na mwisho kwenye chemchemi.

KWENYE MAJI

Hakuna hata mtu mmoja aliyekufa katika chumvi ile. Tunalisema kwa sababu watu wanaposikia habari ya Donner wanadhani jangwa liliwaua. Mtoto, mama, mzee, wote 80 na zaidi walikunywa maji ya mlima Pilot.

Lakini magari 4 yaliachwa jangwani, na karibu ng'ombe 36 walipotea. Wakakaa pale chemchemini karibu juma nzima, wakirudi jangwani kutafuta wanyama na kuokoa vitu. Reed, aliyekuwa tajiri kuliko karibu wote alipotoka nyumbani, akawa mtu wa kuomba. Graves na Breen wakamwazima kila mmoja ng'ombe wake, na kwa hao pamoja na wawili waliobaki akaweza kuvuta gari moja. Chakula chake kikagawanywa katika magari ya wengine. Sisi tunaona kwamba siku zile kando ya maji zilikuwa siku zao njema za mwisho kama jamii moja, ingawa mioyo ilikuwa imeanza kuchachuka.

Walipohesabu chakula, wakaona hakitafika California. Watu wawili wakajitolea kutangulia kwenye ngome ya Sutter kuomba msaada: William McCutchen, aliyemwacha mke na mtoto katika kundi, na Charles Stanton, kijana asiyekuwa na jamaa hata mmoja pale. McCutchen aliugua huko akashindwa kurudi. Stanton akarudi. Alikuwa amekwisha kufika salama, kwenye chakula, upande mzuri wa milima, wala hakuwa na mke wala ndugu wa kumrudisha nyuma. Na bado akarudi, na nyumbu 7 wenye unga na nyama, pamoja na Wahindi wawili wa California, Luis na Salvador. Vitabu vinaongea sana juu ya Hastings. Kama tungeulizwa, tungetaka watoto wetu walijue kwanza jina la Stanton.

Mengine tutayapita haraka, maana si ya kusomea watoto. Juma lile la chemchemini, pamoja na majuma ya Wasatch, yalikuwa na bei iliyolipwa baadaye. Walifika milima ya Sierra Nevada mwisho wa mwezi wa 10, na theluji ikafunga njia mbele yao. Walizuiliwa pale wakati wote wa baridi. Wengine walikula maiti za wenzao. Stanton alikufa kwenye theluji mwezi wa 12, akijaribu kuwatoa wengine. Luis na Salvador, waliokuja kuleta chakula, waliuawa na watu waliokuja kuwasaidia. Kati ya watu 87 karibu 40 hawakufika.

KOSA NI LA NANI?

Katika vikundi vya kujifunza swali hili litaulizwa, na tunajua jibu la haraka: la Hastings. Ni kweli, lakini si kweli yote. Aliwaongoza watu zaidi ya 200 njia ile mwaka huo huo, na wengi wao walifika California kabla ya theluji, ingawa nao walipoteza wanyama na nguvu. Kosa lake, sisi tunaona, ni hesabu. Alihesabu kilometa, hakuwahesabu watoto. Aliweka siku mbili katika barua kwa sababu mpanda farasi anaweza, na hakujiuliza ni nani atakayeisoma barua hiyo.

Na Reed je? Na wale waliompa George Donner uongozi, na wale waliokaa kimya? Tamsen Donner hakuipenda njia ile tangu mwanzo. Msafiri mwenzao aliyewaaga njiani aliandika kwamba alimwona mwenye huzuni siku walipogeuka kuifuata. Katika kura ya wanaume yeye hakuwa na sauti. Mama zetu wanaosoma somo hili wataelewa bila sisi kuongeza maneno.

Virginia Reed alipona, na familia yake yote ikapona. Mwezi wa 5, 1847, alimwandikia binamu yake Illinois barua ndefu, yenye makosa mengi ya tahajia, akimweleza taabu zao. Mashauri aliyompa ni kwamba asifuate njia za mkato, na aende haraka. Tunaona ajabu kwamba binti wa miaka 13 aliandika kwa mistari michache jambo ambalo wanaume wenye vitabu walilikosa.

BAADA YAO

Mwaka 1849 dhahabu ya California iliita maelfu ya watu, na wengine wao, hasa mwaka 1850, walijaribu tena chumvi ile. Kapteni Howard Stansbury, aliyekuwa anapima nchi kwa serikali, aliivuka mwezi wa 11, 1849, akapumzisha wanyama wake kwenye chemchemi ya mlima Pilot. Baada ya hapo wahamiaji wakaiacha njia ya Hastings. Reli ilipita kwenye chumvi ikamalizika mwaka 1909, kisha barabara kubwa. Leo dereva anavuka kwa muda wa saa moja na kidogo, na karibu na Wendover watu hushindana mbio za magari kwenye ile chumvi iliyo ngumu. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliiandika njia ya California, pamoja na mkato huu, kuwa njia ya kihistoria ya taifa.

Magari yaliyoachwa na kundi la Donner na Reed yalibaki jangwani miaka mingi, wapita njia wakichukua mbao na vyuma kidogo kidogo. Mwaka 1986 wataalamu wa Utah walikwenda kuchimba haraka, kwa sababu Ziwa Kuu la Chumvi lilikuwa limefurika na serikali ilikuwa inatayarisha pampu za kumwaga maji yake jangwani. Walikuta alama za magurudumu ndani ya tope, mifupa ya ng'ombe, vipande vya vyombo. Mwaka uliofuata pampu zikaanza, na sehemu kubwa ya jangwa ambalo watu wale walilia kwa kiu ikafunikwa na maji ya chumvi.

Chemchemi haikuguswa. Iko ndani ya shamba la mifugo, imezungushiwa ua kusudi ng'ombe wasiikanyage, na kibao kinaeleza majina ya waliopita. Msafiri anaruhusiwa kuingia kuitazama. Maji yanatoka taratibu kati ya majani, ni matamu, na mbele yake chumvi inaanza.